TUSILALE NA ADUI CHUMBANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, ukurasa huu tulikuwa tumeuwekea jambo jingine mwezi huu. Tumelazimika kuubadilisha kwa sababu ya mkasa uliotufika sisi wenyewe katika bweni la madrasa yetu, na tumeona kwamba kuunyamazia kwa kuchelea aibu itakuwa ni khiyana kwa wazazi waliotukabidhi watoto wao.

Ilikuwa yapata saa tisa usiku. Mmoja wetu aliamka kwa ajili ya kisimamo cha usiku, na alipokuwa akienda kutawadha akanusa harufu ya plastiki inayoungua. Akaifuata harufu ile hadi bwenini, walikolala vijana 26. Chini ya kitanda kimoja, kati ya begi la nguo na ukingo wa godoro, palikuwa na ekstensheni ambayo vijana walikuwa wameichomekea chaja za simu, feni na pasi; na ekstensheni hiyo nayo ilikuwa imechomekwa katika nyingine. Plastiki ilikwisha lainika kama nta, na ukingo wa godoro ulianza kuwa mweusi. Swichi kuu ikazimwa, vijana wakaamshwa na kutolewa nje. Hakuna aliyedhurika, na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Lakini lau mwalimu yule angelala hadi adhana ya alfajiri, leo tungekuwa tunaandika tanzia.

Asubuhi tukamwita fundi umeme. Alipoifungua soketi ya ukutani, tulikuta nyaya zimelegea katika skrubu zake, na ngozi ya waya imekauka hata inapukutika vidoleni mithili ya jani kavu. Akauliza ni nani aliyeifunga kazi ile. Tukatazamana. Tulikuwa tumeifunga sisi, kwa mkono wa kijana wa mtaani aliyejitolea kutafuta thawabu. Wala si hilo tu. Miezi mitatu kabla ya usiku ule kamati yetu ililetewa makadirio ya gharama za kubadilisha nyaya zote za bweni, nasi tukayaweka kando kwa hoja kwamba michango iliyokuwepo ni ya zulia la msikiti na vipaza sauti. Zulia likanunuliwa. Ni zulia zuri, na kila aingiaye hulisifu.

Habari ilipoenea, wengi walikuja kutupa pole, na wengi wao walitamka neno ambalo sote tumelizoea: ajali haina kinga. Neno hili lina mahali pake, nalo humliwaza aliyefikwa. Lakini tulitazame vizuri. Asili ya neno "ajali" ni Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa. Muda uliowekwa na Mwenyezi Mungu kweli hauna kinga. Ama waya uliolegea, soketi iliyobebeshwa mzigo usiouweza na makadirio yaliyofungiwa kabatini, hivyo ni vitendo vya mikono yetu, na mkono wa mtu una hesabu yake. Aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, aliamrishwa kufunga kwanza, kisha kutegemea. Ni kweli pia imepokewa kwamba afaye kwa kuungua huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hilo ni liwazo kwa mfiwa. Si hati ya kumsafisha aliyesababisha.

Na katika suala hili la moto wa nyumbani hatukuachwa bila mwongozo. Imepokewa katika Sahihi mbili, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba nyumba moja ya Madina iliwaunguza watu wake usiku. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari zao, aliwafahamisha masahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru kuuzima wanapolala. Katika mapokezi ya Jabir imetajwa na sababu: panya mdogo huweza kuuburuta utambi wa taa na kuwaunguzia watu nyumba yao. Tazameni, ndugu zetu, jinsi mafundisho haya yalivyo karibu na maisha. Watu wameungua, na jibu halikuishia kwenye kuwaombea rehema. Limeshuka hadi kwenye utambi, panya na saa ya kulala.

Wanazuoni hawakuisoma amri hii kwa juu juu. Imam an-Nawawi, alipoisherehesha, alieleza kwamba taa zilizotundikwa misikitini na kwingineko, ikihofiwa kuleta moto, zinaingia katika amri hiyo. Na ikiwa kuna salama nazo, basi hapana ubaya, kwa kuwa sababu ya amri haipo. Al-Qurtubi naye alieleza kuwa anayelala peke yake katika nyumba yenye moto ni juu yake kuuzima kabla ya kulala. Na wakiwa wengi, mwenye kustahiki zaidi kubeba wajibu huo ni yule wa mwisho kulala. Kipimo, basi, ni hofu ya madhara popote ilipo. Iwapo moto umetoka katika utambi na kuingia katika waya wa ukutani, amri imeufuata huko huko.

Pengine msomaji atasema: taa ya mafuta ina ulimi wa moto unaoonekana, ama umeme ni kitu safi kisicho na moshi. Hapa ndipo tunapodanganyika. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, na kila waya unaoupitisha hupata joto. Joto hilo haliongezeki sawa kwa sawa: umeme unaopita ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Plagi yetu ya miguu mitatu imewekewa fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani kiasi cha wati 3,000. Birika la umeme la wati 2,000 hutumia karibu ampea 9. Pasi ya wati 1,000 hutumia zaidi ya ampea 4. Viwili hivi vikichomekwa katika ekstensheni moja, mpaka umefikiwa. Akina mama wakiongeza jiko la umeme, mpaka umevukwa. Na hayo ni kwa ekstensheni iliyotengenezwa kwa uaminifu. Zile za bei ya kutupwa, zenye waya mwembamba kama uzi ndani ya plastiki nene, hupata moto mapema zaidi. Ikiwa imeviringishwa, au imepitishwa chini ya zulia au godoro, joto halina pa kutokea, na hujikusanya hapo hadi ngozi ya waya iyeyuke.

Wengine huitegemea sakiti breka ya kwenye swichi kuu, na kweli ni mlinzi mwema, maana mzigo ukizidi au nyaya zikigusana yeye hukata. Lakini mlinzi huyu ana mambo asiyoyaona. Waya uliolegea kwenye skrubu hauongezi umeme unaopita; hukaa hapo ukichemka kidogo kidogo, na breka haina habari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa bwenini kwetu. Na wako wanaomuua mlinzi huyu kwa mikono yao: breka inapokatika mara kwa mara, badala ya kuuliza kwa nini, wanaiondoa na kuweka kubwa zaidi, au wanafunga kipande cha waya mahali pa fyuzi. Huyo ni mfano wa mtu anayemziba mdomo muadhini kwa kuwa amemsumbua usingizini.

Na yule panya wa hadithi bado yupo. Leo hauburuti utambi. Yuko darini, anatafuna ngozi za nyaya hadi shaba inabaki wazi juu ya mbao kavu. Mwenye kusikia mchakato juu ya dari kila usiku asidhani ni kero tu ya usingizi.

Kuna tena jambo linalotuhusu sana katika nchi zetu, nalo ni umeme kukatika na kurudi. Mtu anapiga pasi kanzu ya Ijumaa, umeme unakatika, anaiacha pasi kitandani na kutoka. Umeme unarudi saa mbili baadaye, nyumba haina mtu au watu wamelala, na pasi inaanza kazi yake juu ya shuka. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuchomoa kila kilichokuwa kikitoa joto.

Sasa tuseme juu ya fundi. Imepokewa kwamba mwenye kujitia utabibu, naye hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Nasi hatuoni tofauti kati ya anayeshika mwili wa mtu bila elimu na anayeshika nyaya za nyumba wanamolala watu wanane bila elimu. Hapa Tanzania kazi ya kufunga umeme ina leseni zake, zinazotolewa na EWURA kwa madaraja, na ni haki yako kumwambia fundi akuonyeshe yake kabla hajapanda ngazi. Nia njema haikazi skrubu. Kijana wetu alikuwa na nia njema, na sisi tuliompa kazi tulikuwa na nia njema. Dhamana ni yetu sisi tuliojua kuwa hakusomea, tukafurahia kwamba hatakuwa na bei.

Vibaya zaidi ni kuwaita vishoka wajiunganishie watu umeme kinyemela, usiopita kwenye mita. Hili lina madhambi mawili kwa pamoja. La kwanza ni kula mali isiyo halali, kwani umeme ni mali ya umma na kuuiba ni kuwaibia wote wanaolipa. La pili ni kuhatarisha roho, kwa kuwa waya ulioruka mita mara nyingi umeruka na kinga zote zilizowekwa baada yake. Mtu anaswali tahajudi chini ya taa ya wizi, na juu yake moto unasubiri. Tumche Mwenyezi Mungu.

Wenye nyumba za kupangisha nao wasikilize. Nyumba iliyofungwa nyaya kwa ajili ya familia moja, leo ina wapangaji sita, kila mmoja na jokofu lake, feni yake na birika lake, na nyaya ni zile zile. Kodi unaipokea mara sita. Na mzigo wa ukutani umeupima mara ngapi? Mpangaji amenunua kwako utulivu wa kulala, na kumuuzia chumba chenye kasoro unayoijua ni ghushi, sawa na ya muuza nafaka anayeficha iliyolowa chini ya iliyo kavu.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila moto una mkosaji ndani ya nyumba. Mnamo tarehe 14 Juni 2017, usiku wa Ramadhani, jengo la ghorofa la Grenfell katika jiji la London liliungua, na watu 72 wakapoteza maisha. Ulianza kwa hitilafu ya umeme katika jokofu moja, katika jiko la nyumba iliyokuwa ghorofa ya nne, kisha ukapanda nje ya jengo kwa sababu kuta zilikuwa zimevishwa mabamba yanayowaka. Mwenye jokofu hakuwa na kosa lolote. Na ilisimuliwa sana wakati ule kwamba baadhi ya Waislamu waliokuwa macho kwa ibada na daku ndio walionusa moshi mapema na kugonga milango ya majirani waliolala, Waislamu na wasio Waislamu. Funzo tunalolichukua ni mawili: kitu tusichokihesabu kuwa ni moto kinaweza kuwa moto, na mtu mmoja aliye macho ni rehema kwa wengi waliolala.

Basi tufanye nini? Tunayoyataja hapa mengi yake hayana gharama, na yanaweza kuanza usiku huu.

Kwanza, yule wa mwisho kulala azunguke nyumba. Achomoe pasi, birika, jiko la umeme, televisheni na chaja. Kuzima swichi ni vizuri, kuchomoa ni bora zaidi. Simu isichajiwe juu ya godoro wala chini ya mto. Kazi hii iwe na jina la mtu, maana kazi ya wote huwa si ya yeyote.

Pili, kila kinachotoa joto kichomekwe peke yake katika soketi ya ukutani. Ekstensheni isichomekwe katika ekstensheni nyingine, isipite chini ya zulia, na isitumike ikiwa imeviringishwa.

Tatu, tuzijue dalili. Soketi yenye joto ukiigusa kwa nje, weusi pembezoni mwa plagi, taa zinazofifia kila jokofu linapoanza kazi, mlio wa kukwaruza ukutani, harufu mithili ya samaki au plastiki mahali pasipo na chochote kinachopikwa: moja ya hizi ikionekana, zima na uite fundi mwenye leseni. Usingoje ya pili.

Nne, nyaya za nyumba ya zamani zikaguliwe, na katika swichi kuu kiwekwe kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kifaa hicho huokoa na wanaoguswa na umeme.

Tano, tutazame nondo na kufuli zetu. Tumezijenga nyumba zetu kwa kumwogopa mwizi, tukasahau kwamba kilichomzuia asiingie kitatuzuia tusitoke. Angalau dirisha moja katika kila upande wa kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali panapojulikana hata na mtoto. Na tunawaambia waziwazi akina baba wenzetu: wako miongoni mwetu wanaotoka kwenda kuswali alfajiri, wakafunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo mfukoni, huku mke na watoto wamelala ndani. Jambo hili tuliache kuanzia kesho. Mwachie mkeo ufunguo.

Sita, moto ukitokea, roho kwanza. Ikiwezekana bila hatari, zima swichi kuu. Usimwagie maji kifaa kilicho na umeme, kwani maji huupitisha umeme hadi kwako. Tumia mtungi wa unga mkavu au wa hewa ya ukaa ukiwa nao. Moshi ukiwa mwingi, tambaeni, kwani hewa safi iko chini. Fungeni mlango wa chumba kinachoungua nyuma yenu, tokeni wote, wala mtu asirudi kwa ajili ya fedha au vyeti. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania hupigiwa kwa namba 114. Iandikwe mlangoni, na kila mtoto aihifadhi kama anavyohifadhi sura fupi.

Tumeanza na bweni, na tunamaliza na bweni. Tarehe 14 Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, na wanafunzi 10 wakafariki. Hatuitaji sababu ya moto ule, wala hatumtuhumu mtu. Tunaitaja idadi tu, kisha tunawakumbuka wale vijana 26 wa kwetu waliosimama uani usiku ule wakitetemeka kwa baridi, mdogo wao akiuliza kama juzuu yake imeungua. Watoto hawa wanalala pale tulipowalaza sisi. Hawakuchagua soketi wala fundi.

Kamati yetu imekutana. Fungu la vipaza sauti lilikuwa bado halijatumika; lakini sadaka iliyotolewa kwa kusudio maalumu haigeuzwi bila wenyewe kuridhia, kwa hiyo tuliwaendea watoaji mmoja baada ya mwingine, tukawaeleza kosa letu na kuwaomba ruhusa. Wote wameridhia, na mzee mmoja alituongezea fungu lake huku akituuliza kwa upole kwa nini hatukumwambia tangu mwanzo kuwa watoto wanalala juu ya moto. Hatukuwa na jibu. Nyaya za bweni zote zimebadilishwa na fundi mwenye leseni, na kila usiku mwalimu wa zamu hatii saini kitabu cha zamu mpaka awe amezunguka na kuchomoa.

Ombi letu kwa kamati za misikiti na madrasa zisomazo ukurasa huu ni moja. Kabla ya zulia jingine, kabla ya rangi ya mnara na taa za mapambo, mwiteni fundi afungue soketi tatu tu za jengo lenu, nanyi mkiwa mmesimama hapo mkitazama. Atakachowaonyesha kitawaambia la kufanya. Adhana itasikika hata kwa kipaza sauti cha zamani, na sijda husihi hata juu ya mkeka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, awarehemu waliotangulia kwa moto, awape subira wafiwa, na asituhesabu miongoni mwa walioamka baada ya kuchelewa.

Wabillahi tawfiq.